Makaratasi ya ardhi yapigwe picha, na picha zirudi mlimani



Katika vijitabu vyetu tumekwisha kusoma mengi juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina tunayowapa watoto na namna bami walivyozikwa zamani. Ni kazi nzuri, na ninawashukuru wenzangu walioifanya. Lakini kuna desturi moja tunayoikwepa kila mara, kwa sababu haichezwi wala haiimbwi, tena inaleta maneno kati ya ndugu na ndugu. Ni desturi ya ardhi. Nani alikuwa wa kwanza kwenye mlima, nani aliingia nyuma yake, kwa ng'ombe gani, mbele ya mashahidi gani. Na leo, juu ya hiyo desturi, kuna karatasi: karatasi ya Leta, karatasi ya sheferi, karatasi ya misioni, karatasi ya babu ndani ya sanduku.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Neno langu ni moja. Makaratasi hayo yapigwe picha mbele ya mchwa kuyamaliza, na picha hizo zirudi kwa watu ambao ardhi yao imetajwa ndani, Batwa wakiwa wa kwanza. Anayeficha karatasi anakosa. Anayepiga picha na kwenda zake naye anakosa. Nitaeleza kwa nini, na sitazunguka.

KARATASI YENYE TUNDU

Tulipomaliza matanga ya baba yangu mkubwa, jamaa ilikaa kufungua sanduku lake la chuma. Ndani mlikuwa kadi ya ubatizo, vikaratasi vya kodi ya wakati wa Wabelgiji, barua za mtoto aliyekwenda kutafuta kazi Katanga, na chini kabisa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa na karani wa sheferi katika miaka ya 1950, kwa Kiswahili cha wakati ule, na mwishoni kuna alama ya kidole cha babu. Inasema kwamba babu alitoa ng'ombe wa kalinzi, akapokea shamba. Msomaji wa Bushi hana lazima ya kuelezwa kalinzi. Kwa wengine niseme tu kwamba ni ng'ombe au kitu kingine unachomtolea mwenye ardhi, naye anakupa haki ya kukaa na kulima, wewe na watoto wako. Kisha karani aliandika mipaka: chini mto, kuume shamba la jirani, kushoto njia, na juu "mpaka kwenye kambi ya Batwa".

Mchwa walikuwa wamekwisha kupita. Neno "ng'ombe" lilibaki "ng'o". Nikatoa telefone ili nipige foto.

Baba mdogo akanishika mkono. "Acha, mwalimu. Ile karatasi haipigwake foto. Ukiipiga leo, kesho Batwa watakuja kutuomba mulima."

Nikairudisha telefone mfukoni, sawa vile mtoto mwenye heshima anafanyaka. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Miaka yote darasani ninawaambia wanafunzi kwamba bila ushuhuda hakuna historia. Kumbe siku ushuhuda ulipokuja nyumbani kwetu, nilinyamaza. Na tena, baba mdogo hakusema kwamba karatasi inadanganya. Aliogopa kwa sababu inasema kweli.

ARDHI ILIONDOKA KWA KALAMU

Watu wengi wanafikiri ardhi yetu ilichukuliwa kwa bunduki. Bunduki ilikuwepo, ndiyo. Lakini kazi iliyodumu ilifanywa kwa kalamu. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa mfalme Leopold II ulitoa ordonansi kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Leta. Nani aliamua kwamba haina mwenyewe? Yule yule aliyeitaka. Penye shamba la ndizi, muzungu aliona mwenyewe. Penye msitu ambamo watu wanawinda, wanachimba dawa, wanavuna asali na kuzika wafu wao, aliona mahali patupu.

Hapa kwetu Kivu, mwaka 1928 kuliundwa Comité National du Kivu, ile CNKi ambayo wazee wetu bado wanaitaja, nayo ikapewa uwezo wa kuwagawia walowezi mashamba. Dekreti ya 31 Mei 1934 ikaweka utaratibu wa ankete: mbele ya kusema ardhi ni tupu, mkubwa wa serikali alipaswa kuwauliza machifu na wenyeji, na kuandika majibu yao. Kama ankete hizo zilifanywa kwa haki ni maneno mengine. Chifu aliyesimamishwa mbele ya askari na bendera alijua ni jibu gani linatakiwa. Lakini ziliandikwa. Mwaka 1937 msitu wa mlima Kahuzi ukawekwa kuwa hifadhi. Tarehe 30 Novemba 1970 hifadhi ikawa Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega, hektari 60 000. Mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka hektari 600 000: mara kumi, kwa saini iliyowekwa Kinshasa, na watu wengi wa Ninja na wa bondeni walikuja kujua nyuma kwamba wanalala ndani ya parki.

Katikati ya hizo tarehe mbili kuna sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973. Kila mwenye diploma katika inchi yetu angepaswa kujua vifungu vyake vitatu. Kifungu cha 387 kinasema ardhi inayokaliwa na jamii za wenyeji imekuwa ardhi ya Leta. Kifungu cha 388 kinakubali kwamba ardhi hiyo ni ile ambayo wenyeji wanakaa, wanalima au wanatumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi zao. Na kifungu cha 389 kinaahidi kwamba haki zao zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka 50 ilipita bila ile ordonansi kutoka. Kwa hiyo mtu wa desturi alibaki mlangoni: hakufukuzwa wazi, hakuingizwa ndani.

Ongeza neno hili, ambalo mawakili wanalijua na wakulima hawalijui: kwa sheria hiyo hiyo, mwenye kupata hati ya kuandikisha ardhi, ile tunaitaka certificat d'enregistrement, baada ya miaka 2 hati yake haivunjwi tena. Miaka 2 tu! Mtu mwenye nguvu anatoka mjini, anaandikisha mlima wako kimya kimya, wewe karatasi ya babu iko ndani ya sanduku, imekunjwa mara nne, na mchwa wanaisoma kukushinda.

BATWA NDANI YA HESABU HII

Desturi zetu zenyewe zinakiri kwamba Batwa walikuwa msituni mbele yetu. Muzee yeyote mwenye akili timamu hawezi kukataa. Hata parki ilipozaliwa, waliomtembeza Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyekuwa kichwa cha ile kazi, mpaka kwa gorila, walikuwa Batwa. Wao ndio waliojua nyayo na wakati wa matunda. Kisha katika miaka hiyo ya 1970 walitolewa, maelfu ya watu, bila fidia na bila kuonyeshwa mahali pengine. Tangu hapo wanaishi pembezoni mwa mashamba ya wengine, Kabare, Kalehe na kwingineko, wakiomba mahali pa kusimamisha nyumba ya majani.

Parki iliandikwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1980, na mwaka 1997 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sasa angalia jambo la ajabu. Ndani ya korido ya parki hiyo hiyo, wakubwa kadhaa walipata hati za mashamba, na UNESCO yenyewe ilirudia kuomba hati hizo zifutwe. Maana yake nini? Maana yake mwenye karatasi aliweza kufuga ng'ombe ndani ya parki, na Mutwa asiye na karatasi hakuweza kuokota kuni. Sheria ni moja, msitu ni mmoja. Kilichotofautisha ni karatasi.

Batwa hawakukaa tu. Waligonga tribinali za hapa kwetu, hawakupata ardhi. Mwaka 2015 dosie yao ilifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Oktoba 2018 wengine walichoka kungoja, wakarudi msituni kwa miguu yao. Tunajua yaliyofuata: watu wamekufa, Batwa na walinzi wa parki pia, na miti mingi ikakatwa kwa makala, na waliokula faida ya makala hawakuwa Batwa peke yao. Sifichi hilo. Tarehe 15 Julai 2022 ilitoka sheria nambari 22/030 ya kulinda na kuendeleza haki za wenyeji wa asili. Na mwaka 2024 uamuzi wa ile Tume ulijulikana hadharani: Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, warudishiwe ardhi, walipwe fidia.

Vizuri. Lakini kurudishiwa ardhi ipi, kutoka jiwe gani mpaka mto gani? Siku watu watakapokaa kupima, kila mmoja ataleta ushuhuda wake. Mwenye parki ataleta karta. Mwenye hati ataleta hati. Mutwa ataleta nini? Njo pale makaratasi yetu ya zamani yanaingia.

KARATASI YA MNYANG'ANYI NAYO NI SHAHIDI

Mwenzangu mmoja mwalimu aliniambia: "Makaratasi ya wakoloni yaliandikwa ili kutunyang'anya. Kuyapiga picha ni kupiga picha ya wizi." Neno lake ni tamu, lakini nusu tu ni kweli. Mtu anayeandika ili kuchukua, anaandika pia anachochukua, na mara nyingi anataja aliyemkuta pale. Karani wa sheferi hakukusudia kuwatetea Batwa. Alitafuta mpaka wa shamba la babu, akaona kambi, akaandika kambi. Wakubwa wa Kibelgiji walituma kila mwaka ripoti ya mambo ya wenyeji na ya kazi, ile waliita AIMO: watu, vibarua, kodi, mashauri. Daftari la mishahara ya wapagazi na waongozaji linataja majina. Hayo yote hayakuandikwa kwa ajili ya haki, lakini yanaweza kuitumikia haki kama unajua kuyasoma.

Majirani zetu wa Kenya wanatupa mfano. Mwaka 1932 Waingereza waliunda tume ya ardhi. Tume ile iliwaandika Waogiek, watu wa msitu wa Mau, kwa jina la Dorobo, na ikashauri watu wa namna ile wapelekwe katika ardhi ya makabila mengine waungane nayo. Shauri baya sana. Lakini mtu hashauri kuwahamisha watu ambao hawapo! Karatasi iliyowanyima msitu inakiri kwamba walikuwa msituni. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilihukumu kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru fidia na ardhi. Hukumu haikushuka kutoka mbinguni. Watu walileta ushuhuda, wa kinywa na wa karatasi.

KWENU NINYI MNAOFICHA

Sasa ninageuka kwa jamaa zetu, machifu wetu, na wote wenye masanduku. Sababu zenu ninazijua zote, kwa sababu nimezisikia nyumbani.

Mnasema: "Tutaamsha vita." Vita gani ambayo imelala? Katika milima yetu watu wanauana kwa mpaka wa shamba tangu zamani, na mara nyingi ni pale ambapo kila mtu anasema yake na hakuna maandishi yaliyosomwa mbele ya wote. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi iliyofichwa haizuii vita, inaichelewesha tu mpaka wajukuu ambao hawajui chochote.

Mnasema: "Foto inagushiwa." Kweli, inagushiwa. Karatasi nayo inagushiwa, na mihuri ya uongo inauzwa mjini mchana. Dawa ni kupiga picha mbele ya mashahidi, kuandika siku ile ile nani alikuwepo, na kuacha asili mahali pake. Karatasi ambayo watu 10 wamekwisha kuiona na kuisaini pamoja ni ngumu kuigeuza. Iliyo rahisi kuigeuza ni ile ambayo mtu mmoja tu anajua inasema nini.

Mnasema: "Ni siri ya jamaa." Hapa ninakataa kabisa, tena kwa jina la desturi. Tangu lini kalinzi ilikuwa siri? Ng'ombe wa kalinzi hakutolewa usiku. Alitembezwa mchana, watu walimwona, walihesabu mapembe yake, pombe ilinywewa, na wazee walikubali kuwa mashahidi. Ardhi ilikuwa haki kwa sababu kila mtu alijua. Mtu anayefunga leo karatasi ya ardhi kwa kufuli na kusema "ni mila yetu" anadanganya. Siri hiyo si mila, ni uoga wa juzi juzi.

KWENU NINYI MNAOPIGA PICHA NA KUONDOKA

Kisha kuna kundi la pili, nao wengine ni watu wa kusoma kama sisi. Wanakuja na kamera nzuri, wanaongea vizuri, wanakaa siku tatu katika ofisi ya teritwari mbele ya makaratasi ambayo mkubwa wa ofisi mwenyewe hajawahi kuyafungua. Katika ofisi moja, sitaitaja jina, nilimsaidia mgeni wa namna hiyo kubeba maboksi. Aliahidi kutuma nakala kwa shule. Tulingoja mwaka, tukangoja wa pili. Niliporudi pale nikakuta paa limevuja na boksi zima limekuwa uji. Leo maneno ya boksi lile yako inje, katika kompyuta ya mtu, na watu wa mlima uliotajwa ndani hawana hata ukurasa mmoja. Ninaita hiyo kunyang'anywa mara ya pili: mara ya kwanza ardhi, mara ya pili ushuhuda wa ardhi.

Na si wageni tu. Sokoni nimenunua karanga zilizofungwa ndani ya karatasi yenye muhuri wa Leta. Nani aliiuza? Mtu wetu, mwenye mshahara ambao haukufika. Inchi iko na sheria ya arshivu tangu tarehe 11 Julai 1978, lakini sheria haina rafu wala kufuli. Halafu ongeza misiba: uporaji wa 1991 na 1993, vita ya 1996 na ya 1998, lava ya Nyiragongo iliyofunika katikati ya Goma Januari 2002, vita iliyoingia Bukavu Februari 2025. Kila mara watu wanakimbia na watoto na godoro. Hakuna anayekimbia na daftari.

Sehemu kubwa ya makaratasi ya koloni iko Ubelgiji, katika Arshivu ya Taifa ya Brussels na katika jumba la makumbusho la Tervuren. Tunaambiwa tusiwe na wasiwasi, kule yako salama. Ni kweli, kule hakuna mchwa. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mutwa wa Kalehe atapata visa kwenda kusoma PV ya ankete iliyochukua mlima wa babu yake? Na tazama jambo hili. Mwaka 2025 kampuni ya Marekani KoBold Metals ilitia saini makubaliano na serikali yetu, na ndani yake kuna kazi ya kuingiza katika kompyuta makaratasi ya zamani ya jiolojia ya Kongo, yale yaliyoko Tervuren, ili yafunguliwe kwa wote. Sipingi. Ninauliza tu: karatasi inayosema madini yako wapi inatafutwa na makampuni makubwa, na ile inayosema watu walikuwa wapi, nani anaitafuta? Makaratasi hayo mawili yanaweza kuwa katika jumba moja, na mlima mmoja umetajwa kote kuwili.

Tusiseme kwamba haiwezekani. Programu ya British Library ya kuokoa arshivu zilizo hatarini, iliyoanza mwaka 2004, iliweka sharti kwamba asili zisitoke katika inchi yao, na nakala zibaki humo humo. Ni mwanzo mzuri. Mimi ninaongeza kwamba "ndani ya inchi" haitoshi. Kinshasa ni mbali na Kahuzi karibu sawa na Brussels, kwa mtu asiye na pesa ya ndege.

NA WASIO NA KARATASI?

Kuna swali ambalo ni zito kuliko yote, na sitalikimbia. Tukisema "karatasi, karatasi", hatuwafungii mlango wale ambao hawakuandikwa kamwe? Batwa wengi hawakuwahi kupewa karatasi yoyote. Kama foto ya karatasi ndiyo itakuwa mfalme, tutakuwa tumewashinda mara ya tatu.

Ninajibu: picha isimame pamoja na kinywa, isikae mahali pake. Kule Kanada, watu wa Gitksan na Wet'suwet'en walidai ardhi yao kwa hadithi za ukoo na nyimbo za asili. Mwamuzi wa kwanza hakuzipa uzito. Mwaka 1997, katika shauri la Delgamuukw, Mahakama Kuu ya inchi ile ikasema kwamba masimulizi ya wazee ni ushuhuda, na yapewe nafasi yake pamoja na maandishi. Kama wazungu wanakubali mbele ya sheria kwamba neno la muzee lina uzito, sisi wana wa desturi tutasema nini?

Nimejaribu mwenyewe. Sikukuu ya mwaka mpya iliyofuata, nilimwomba baba mdogo ruhusa ya kuisoma karatasi ya babu mbele ya jamaa yote. Kusoma, si kupiga. Akakubali shingo upande. Nilipomaliza, shangazi yangu mkubwa akasema: "Ni kweli. Batwa walikuwa pale juu, walituleteaka asali." Basi mbele ya watu 14 nikaipiga foto, mbele na nyuma, na wote wakatia saini. Nilichapisha nakala tatu mjini. Moja ilibaki kwa baba mdogo, moja iko shuleni, na ya tatu nilimpelekea muzee mmoja Mutwa, ambaye jamaa yake ilitoka kwenye kambi ile. Hajui kusoma. Akaniuliza swali moja tu: "Jina la kambi liliandikwa?" Nikasema hapana. Akalitaja. Akataja na chemchemi, na waliozikwa karibu nayo. Nikayaandika yote nyuma ya picha, na tarehe, mbele ya watoto wake.

Pale nilielewa. Karani alijua kwamba kambi iko, hakujua jina. Muzee alijua jina, hakujua kwamba kuna karatasi. Kila mmoja peke yake alikuwa nusu. Tribinali au tume itakayokaa kesho inahitaji zote mbili.

TUFANYE NINI

Sitaki kumaliza kwa malalamiko tu, kwa vile wasomaji wa kijitabu hiki ni watu wa kusoma na wana uwezo.

Kwanza, kila mwalimu wa historia awe na daftari la makaratasi ya eneo lake: yako kwa nani, ya mwaka gani, hali gani. Wanafunzi wafundishwe kazi hii badala ya kunakili tarehe ubaoni. Telefone ya kawaida inatosha. Karatasi ilazwe juu ya meza karibu na dirisha, bila flashi, bila gundi, bila skochi, bila kulamba kidole. Ipigwe ukurasa mzima, mbele na nyuma, na rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Iliyokunjwa na kukauka isilazimishwe kufunguka.

Pili, kila picha iwe na nakala tatu katika mahali patatu, na mojawapo ichapishwe kwa karatasi, kwa sababu telefone inaibiwa na kadi yake inakufa. Nakala moja iende kwa watu waliotajwa, hata kama wametajwa kwa neno moja tu, hata kama hawajui kusoma. Wasomewe kwa lugha yao.

Tatu, pasiwe kulazimisha. Jamaa iombwe ruhusa na iwepo. Na asili isihame kwa mwenyewe, hata kwa askofu, hata kwa profesa.

Nne, machifu na wakubwa wa ofisi za ardhi, mbele ya kutia saini hati mpya, waulize kama mlima huo umetajwa katika karatasi ya zamani au katika kinywa cha Batwa. Dekreti ya 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wao, mpaka hektari 50 000, inje ya parki. Mlango huo upo. Lakini dosie inataka karta na ushuhuda wa mipaka, na ushuhuda huo ndio tunaouacha uoze.

Najua mtu atauliza: na wewe, mlima wenu? Swali ni la haki. Nimewaambia ndugu zangu kwamba sehemu ya juu, penye chemchemi na makaburi, tuiandike kwa jina la wenyewe. Wawili wamekubali, wengine bado. Baba mdogo ananiita "avokati wa Batwa" na chakula changu hali. Ninamheshimu, ni baba yangu. Lakini juzi alinituma mtoto niende kuangalia ile karatasi, kwa sababu mchwa wamerudi, na neno "ng'o" nalo limekwisha. Nikamjibu kwamba picha iko, asiogope.

Basi wewe unayesoma, fungua sanduku lako kabla ya masika. Waite jamaa, isomeni, ipigeni picha, na aliyetajwa ndani apate nakala yake.